Jacob Grimm na Kamusi ya Kijerumani

Walijuao jina la Grimm wengi wao hulijua kwa sababu ya hadithi za watoto, ambazo Jacob Grimm na mdogo wake Wilhelm walianza kuzichapisha mwaka 1812. Lakini kwa sisi tunaoshughulika na lugha, kazi kubwa ya Jacob ni nyingine.

Alizaliwa Hanau mwaka 1785, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Marburg. Huko mwalimu wake, Savigny, alimfunza kuichunguza sheria kwa kuifuata historia yake. Naye baadaye akaitumia njia hiyo katika lugha. Katika chapa ya pili ya sarufi yake, mwaka 1822, alionyesha kuwa sauti hazibadiliki ovyo. Penye p ya Kilatini mwanzoni mwa neno, Kijerumani na ndugu zake wana f: neno la ‘baba’ kwa Kilatini ni pater, kwa Kiingereza father, na kwa Kijerumani Vater, ambalo v yake hutamkwa f. Rasmus Rask wa Denmark alikuwa amekwisha kuliona jambo hili. Grimm ndiye aliyelipanga likawa kanuni. Kwa kulinganisha sauti namna hiyo Carl Meinhof alizichunguza lugha za Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1899.

Mwaka 1837 mfalme mpya wa Hanover, Ernst August, aliitangua katiba ya nchi. Maprofesa saba wa Göttingen, wakiwamo ndugu hawa wawili, waliandika kwamba wamekwisha kuila kiapo katiba ile, wala hawawezi kukivunja kiapo chao. Wote saba wakafukuzwa kazi. Jacob na wenzake wawili wakapewa siku tatu wawe wametoka nchini. Alikuwa na umri wa miaka 52, hana mshahara.

Ndipo wachapaji wa Leipzig walipowaomba ndugu hao watunge kamusi. Haikukusudiwa kuwaamuru watu namna ya kusema. Kila neno lilitakiwa kuja na mashahidi wake, yaani maneno ya waandishi tangu Luther hata Goethe, yaonyeshayo lilivyotumika na maana yake ilivyogeuka. Jacob alitumaini kwamba baba angeisoma kamusi hii jioni pamoja na wanawe. Ajabu ni kuwa mara nyingi alieleza maana kwa Kilatini! Kwa maoni yangu hiyo ni kasoro kubwa.

Mwaka 1841 walihamia Berlin kwa mwito wa mfalme wa Prussia, na juzuu ya kwanza ikatoka mwaka 1854. Wilhelm alifanya herufi D, akafa mwaka 1859. Jacob alimaliza A, B, C na E. Mauti yalimkuta mwaka 1863 akiwa katika F, kwenye neno Frucht, maana yake tunda. Wengine wakaipokea kazi. Ilipotimia mwaka 1961, ikiwa juzuu 32, Ujerumani ilikuwa imegawanyika, na watungaji wake walikuwa katika miji miwili: Berlin, na Göttingen ile ile iliyomfukuza.