Fahamu: Kwa nini mita ya LUKU ilidai tarakimu 60

Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, kwenye ukuta wa nyumba ni kompyuta ndogo. Mita nyingi hazina intaneti; programu iliyomo ndani ndiyo inayokagua kama tokeni, yaani namba ya umeme ulionunuliwa, ni halali. Kila tokeni ya umeme hubeba dakika ilipotengenezwa, ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993, ili isitumike mara mbili. Lakini hesabu hiyo ilitengewa biti 24 tu, sawa na dakika 16,777,216, na nafasi ilikuwa ijae 24 Novemba 2024; baada ya hapo mita ingekataa tokeni mpya.

Ndiyo maana shirika la umeme, TANESCO, liliwapa wateja mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili ufunguo wa siri wa mita na kuanza hesabu mpya, la tatu umeme wenyewe. Ubunifu huu unastahili sifa: mwenye nyumba aliboresha mita kwa vidole vyake, bila kumsubiri fundi.