Ulinzi wa Vifaa vya Waifai katika Nyumba za Kupanga: Kata ya Nguvumali, Jijini Tanga

1.0 Utangulizi

Nguvumali ni miongoni mwa kata za Jiji la Tanga. Katika miji ya pwani kama huu, nyumba ya Kiswahili ina vyumba vinavyotazamana kando ya ukumbi mmoja, na kila chumba huweza kuwa na mpangaji wake. Ruta moja ikifungwa katika nyumba hiyo, wapangaji huchangia gharama na hutumia nywila moja. Makala haya yanafafanua namna ya kuweka ulinzi katika mazingira hayo. Hoja yake kuu ni kwamba nywila inayojulikana na nyumba nzima humzuia mpita njia, lakini haimlindi mpangaji dhidi ya mpangaji mwenzake.

2.0 Chanzo cha Tatizo

Mawimbi ya redio hayaishii ukutani; yeyote aliye karibu anaweza kuyanasa. Kwa hiyo ujumbe hufumbwa kwa ufunguo ili usisomeke. Mfumo wa kwanza, WEP, ulitolewa mwaka 1997, na mwaka 2001 wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir walionesha udhaifu wake. Ulifuatiwa na WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018.

Katika WPA2 ya majumbani, ufunguo wa kila simu hutokana na nywila ya pamoja na taarifa zinazopita hewani wakati simu inapojiunga. Anayeijua nywila, akinasa taarifa hizo, anaweza kuukokotoa ufunguo wa jirani yake. WPA3 imeondoa udhaifu huo: kuijua nywila pekee hakutoshi kufumbua mawasiliano ya mwingine.

Hatari hiyo isitiwe chumvi. Menyu ya fedha ya nyota na reli hupita katika mtandao wa simu, si katika waifai, na programu za benki huwa na ufumbaji wake zenyewe. Vilivyo wazi zaidi ni tovuti zisizofumbwa, kamera, mafaili yanayoshirikishwa na mipangilio ya ruta.

3.0 Hatua za Ulinzi

Kwanza, nywila ya msimamizi wa ruta ibadilishwe, kwa kuwa ile ya kiwandani mara nyingi hujulikana au huandikwa kwenye kifaa. Nywila hii ni tofauti na ile ya kujiunga, na wapangaji wote hawana haja ya kuijua.

Pili, ichaguliwe WPA3. Ikiwa zipo simu za zamani zisizoiweza, itumike WPA2 yenye AES. Nywila ya kujiunga ya WPA2 huwa na herufi 8 hadi 63, na urefu ndio nguvu yake.

Tatu, WPS izimwe. Mwaka 2011 ilibainika kwamba namba yake ya tarakimu 8 huhakikiwa kwa mafungu mawili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 hutosha kuipata.

Nne, wageni watengewe mtandao wao, na pale ruta inaporuhusu, vifaa vizuiwe kuonana. Mpangaji anapohama, nywila ibadilishwe.

Kwa upande wa simu na kompyuta, mfumo usasishwe mara kwa mara. Udhaifu wa WPA2 uliotangazwa na Mathy Vanhoef mwaka 2017 ulizibwa kwa masasisho. Kifaa kisichosasishwa kilibaki nao. Aidha, simu izuiwe kujiunga yenyewe na mitandao isiyo na nywila.

4.0 Hitimisho

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta au kunasa mawasiliano bila idhini. Hata hivyo, sheria huja baada ya hasara. Katika nyumba ya kupanga, ulinzi huanza kwa makubaliano: nani atashika nywila ya msimamizi, na nani atabadilisha nywila ya kujiunga chumba kinapobaki wazi. Pasipo makubaliano hayo, hata ruta bora hubaki kama mlango ambao funguo zake zimeenda na kila aliyewahi kupanga.