Nazi 2520

Tangu zamani Mafia ni nchi ya minazi. Tuseme pwani ya Bwejuu pana lundo la nazi 2520. Washirika wakiwa wawili, watatu, hata kumi, watagawana sawasawa, wala haitabaki hata moja ya kuleta ugomvi. Hakuna idadi ndogo kuliko hiyo yenye sifa hii.

Sababu ni nini? Zidisha 8 kwa 9, kisha kwa 5, kisha kwa 7. Ndani ya 8 mna 2 na 4. Ndani ya 9 mna 3. Tena 2 mara 3 ni 6, na 2 mara 5 ni 10.

Lakini akija mshirika wa 11, kila mtu atapata 229, na nazi moja itabaki. Basi kabla ya kuhesabu nazi, hesabuni watu.