KABLA YA KUTIA SAHIHI: MTOTO WA KULEA NA MTOTO WA ADOPSIO

Masomo: Kutoka 2:1-10, Esta 2:5-7, 1 Wafalme 3:16-28, Warumi 8:14-17



Wasikilizaji wa redio yetu wanatuuliza swali moja kwa njia nyingi: Je, ni vizuri mkristo kumtoa mtoto wake, ao mtoto wa ndugu yake aliyekufa, kwa familia ya Ulaya ao ya Marekani? Wengine wanasema ni mlango ambao Mungu amefungua. Wengine wanasema ni kuuza damu yako. Katika karatasi hii hatutaki kulaani wala kusifu mbio mbio. Tunataka kueleza jambo lenyewe, kisha tuliangalie katika mwangaza wa Neno, ili mtu asitie sahihi katika giza.

1. Maneno yanafanana, mambo ni mbali mbali

Kwetu kulea ni jambo la kila siku. Ndugu akifariki, watoto wanaenda kwa baba mkubwa, kwa shangazi ao kwa mjomba. Mtoto wa kijijini anakuja mjini kusoma. Hakuna karatasi. Mtoto anabaki na jina lake, anajua mama yake, na siku ya matanga anarudi kukaa pamoja na wenzake. Hakuna anayefikiri kwamba amekatwa na ukoo.

Adopsio, ambayo Kiswahili cha vitabu kinaita kuasili mtoto, ni kazi ya tribinali. Hakimu anakata neno, na kuanzia siku hiyo mtoto anahesabiwa kuwa mtoto wa yule aliyemchukua. Hapa Kongo jambo hili limeandikwa katika sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka wa 2016. Sheria yetu inasema mtoto ni wa mzazi mpya kweli kweli, lakini haimkati na familia aliyozaliwa ndani yake.

Katika nchi nyingi za wazungu adopsio inakata. Mtoto anapewa jina jipya la familia. Anaandikiwa karatasi mpya ya kuzaliwa yenye majina ya wazazi wapya. Mama aliyemzaa hana tena haki yoyote mbele ya sheria: hawezi kumwita arudi, wala kudai habari zake.

Hapo ndipo machozi mengi yanaanzia. Mama wa hapa anafikiri amemtoa mtoto alelewe, asome, kisha siku moja arudi kumsaidia. Familia ya kule imeambiwa inapokea mtoto asiye na mtu duniani. Wote wawili wanaweza kuwa watu wa kweli, wanaomcha Mungu. Lakini kila mmoja ametia sahihi juu ya jambo lingine, na anayebaki katikati ni mtoto.

2. Safari ya familia inayokuja

Tusifikiri mzungu anashuka tu kwa ndege, anachagua mtoto na kuondoka. Mara nyingi familia ile imeanza safari yake miaka miwili, mitatu mbele. Watu wa serikali yao wanaingia nyumbani mwao kuangalia wanaishi namna gani. Wanatoa karatasi za polisi, za daktari, za mshahara. Wengi wao ni watu waliolia miaka mingi kwa kukosa mtoto, kama Hana alivyolia kule Shilo. Gharama yote kwa jumla mara nyingi inapita dola 20,000, na wengine wanakopa ili wailipe.

Upande wa hapa, hakimu anasikiliza kesi na kutoa hukumu. Muda wa kukata rufaa unapita. Kisha adopsio inaandikwa katika ofisi ya leta inayoandika watoto. Nyuma ya hapo inakuja paspoti ya mtoto, ruhusa ya DGM ya kumtoa nchini, na viza ya nchi anakoenda. Karatasi moja ikikosekana, safari inasimama.

Hilo lilionekana wazi tarehe 25 Septemba 2013. Siku ile DGM ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto wote wa adopsio. Serikali ilisema kuna udanganyifu katika karatasi, na kwamba watoto wengine wakishafika nje wanatendewa vibaya ao wanapitishwa kwa watu wengine. Mamia ya watoto ambao hakimu alikuwa amekwisha kuwapa wazazi wapya walibaki hapa. Kulikuwa familia zilizohamia Kinshasa na kungoja huko. Zingine zilikuwa zinamwona mtoto kwa picha tu. Mwezi wa Mei 2014 watoto 31 walipata ruhusa, wakaenda Italia katika ndege ya serikali ya nchi ile. Wengine walingoja mpaka mwaka wa 2015 na 2016. Mtoto aliyetengewa kitanda akiwa na mwaka mmoja alikilalia akiwa na miaka mitatu ao minne.

Tuwe na haki tunapohukumu. Wale waliongoja waliteseka bila kosa lao. Lakini pia mlango haukufungwa bure, kama tutakavyoona.

3. Si kila anayeitwa yatima ni yatima

Kwetu yatima ni mtoto aliyefiwa. Mashirika ya kimataifa nayo yanapohesabu mayatima yanaweka pia watoto ambao mzazi mmoja tu ndiye amekufa. Lakini mtu wa mbali akisikia neno hilo anafikiri mtoto hana baba, hana mama, hana shangazi wala bibi. Na wengi wanaokaa katika orfelina wana mzazi hai, ao jamaa. Kilichowapeleka pale ni njaa, vita, ugonjwa, ao kukosa pesa ya masomo.

Pesa ikiingia, neno hilo linakuwa biashara. Mwezi wa Oktoba 2007, nchini Tchad, watu wa shirika moja kutoka Ufaransa walikamatwa wakitaka kupandisha watoto 103 ndani ya ndege. Walisema ni mayatima wa vita ya Darfur. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikuwa watoto wa Tchad kwenyewe, na wazazi ao jamaa zao walikuwa hai. Hapa kwetu, watoto wa sehemu za Gemena walichukuliwa kwa wazazi wao kwa kuambiwa wanaenda mapumziko. Walifikishwa Kinshasa, wakaitwa mayatima, na mwaka wa 2015 wakapelekwa Ubelgiji kwa adopsio. Wazazi wao walikuwa wakingoja kijijini. Familia za Ubelgiji nazo hazikujua. Zilikuwa zimedanganywa kama vile wale wa kijijini.

Wengine watasema: mtoto akikula vizuri na kusoma atasahau. Hapana, hasahau. Wakati wa ukoloni, watoto waliozaliwa na mama Mkongomani na baba mzungu walikuwa wananyang'anywa mama zao kwa amri ya serikali. Wanawake watano kati yao, waliochukuliwa wakiwa wadogo na kuwekwa kwa masista kule Katende, Kasai, walipeleka Leta ya Ubelgiji mbele ya hakimu. Tarehe 2 Desemba 2024 tribinali ya rufaa ya Bruxelles iliwapa haki na kusema lile lilikuwa kosa juu ya ubinadamu. Walikuwa wamepita miaka 70, wamekuwa mabibi wenye wajukuu, na bado walikuwa wanatafuta kujua: mama yangu alikuwa nani, na kwa nini nilitolewa kwake?

4. Neno la Mungu linasema nini?

Kwanza, Biblia haichukii adopsio. Musa alikuwa mtoto wa adopsio katika nyumba ya Farao. Esta alilelewa na Mordekai. Yakobo aliwafanya Efraimu na Manase kuwa watoto wake mwenyewe (Mwanzo 48:5). Yosefu seremala alimpokea Yesu, akampa jina, akakimbia naye Misri. Na sisi wote tuliookoka, Paulo anasema tumepokea roho ya kufanywa wana. Katika sheria ya Waroma wa wakati ule, mtoto wa adopsio aliingia kabisa katika nyumba ya baba mpya na kupata urithi kama aliyezaliwa mle. Kwa hiyo anayemdharau mtoto wa adopsio anadharau njia ambayo yeye mwenyewe aliingilia katika nyumba ya Mungu.

Pili, tuangalie Musa vizuri. Mama yake hakumtupa. Alimficha miezi mitatu, na hakumweka mtoni mpaka upanga wa Farao ulipokuwa mlangoni. Dada yake alisimama mbali kuona yatakayompata. Binti Farao hakudanganywa: alipomwona tu alijua ni mtoto wa Waebrania. Na Musa alipokuwa mtu mzima alitoka kwenda kwa ndugu zake, maana alijua ni ndugu zake. Mambo matatu yalikuwapo: hatari ya kweli, jicho la jamaa lililomfuata, na ukweli usiofichwa. Adopsio inayokosa mambo hayo matatu haifanani na ile ya Musa.

Tatu, Esta alikuwa amefiwa na baba na mama. Nani alimchukua? Mtu wa ukoo wake. Mapatano ya La Haye ya tarehe 29 Mei 1993, ambayo majirani zetu Burundi, Rwanda na Kenya wamo ndani yake, yanafuata utaratibu unaofanana na huo: kwanza familia ya mtoto, ikishindikana, familia nyingine ndani ya nchi, ndipo nchi ya mbali. Kuvuka bahari ni mlango wa mwisho.

Nne, Sulemani alitambua mama wa kweli kwa jambo moja: alikubali kumkosa mtoto ili mtoto aishi. Basi kuna wakati ambapo kumwachilia mtoto ni upendo. Lakini mama yule alisema mbele ya mfalme, kwa kinywa chake, akijua alichokuwa anakisema. Hakuna aliyemsemea, na hakuna aliyempa pesa.

5. Maswali ya kuuliza

Mtu akija kwako na habari ya kupeleka mtoto nje, hata akiwa anabeba Biblia, hata akiwa mchungaji, uliza:

— Je, hii ni kulea ao ni adopsio? Aiandike kwa lugha unayosoma, ao akusomee mbele ya mtu unayemwamini.

— Hakimu ni nani, na ni tribinali gani? Tangu sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto, kuna tribinali za watoto. Mtoto hapewi mtu kwa barua ya kanisa, wala kwa mhuri wa shefu wa kartie peke yake.

— Karatasi zinasema nini juu yangu? Kama wewe u hai na zinasema umekufa, ao zinasema hujulikani, usitie mkono. Huo ni uongo, na mtoto atausoma siku moja.

— Kuna pesa ndani? Anayekupa pesa ili utoe mtoto anamnunua. Sheria ile ya 2009 inakataza kuuza mtoto, na adhabu yake ni kifungo kirefu.

— Shida yangu ni mtoto, ao ni umaskini? Kama ni pesa ya masomo, ao ni chakula, tafuta hiyo pesa na hicho chakula. Dawa ya njaa haiwezi kuwa kumpoteza mama.

— Mtoto mwenyewe anajua nini? Akiwa na umri wa kuelewa, aambiwe na asikilizwe.

6. Na sisi kanisa?

Wapendwa, swali hili linarudi kwetu. Tunasikitika watoto wakivuka bahari, lakini wangapi kati yetu wamekwenda tribinali kumwandika mtoto wanayemlea? Sheria haikufanywa kwa wazungu tu. Mkongomani anaweza kufanya adopsio hapa hapa, mbele ya hakimu wa kwetu.

Na faida yake ni kubwa. Tuseme shangazi amemlea mtoto tangu akiwa mchanga, miaka 15, bila karatasi. Siku shangazi anakufa, watu wa familia wanakuja kugawanya nyumba. Wanamwambia: wewe si wa hapa. Mtoto anatoka na mfuko mmoja, amefiwa mara ya pili. Kama kungekuwa hukumu ya hakimu, asingefukuzwa hivyo. Upendo wa shangazi ulikuwa wa kweli, lakini haukuandikwa mahali ambapo wengine wangeusoma. Mungu naye ametupenda, tena ameandika majina yetu katika kitabu cha uzima.

Yakobo 1:27 inaeleza dini safi: kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Imewataja pamoja. Basi tusikimbilie kumsaidia yatima kwa kumtenga na mjane aliyemzaa. Kila selula ya maombi ihesabu wajane wake. Mjane mmoja akishikwa mkono, akapata mtaji mdogo wa kuuza unga ao makala, na watoto wake wakalipiwa shule, basi watoto watatu hawaingii orfelina. Na kama kuna mtoto asiye na mtu kabisa, basi wazazi wasio na mtoto katika kanisa wasiogope. Tumbo lisilozaa halizuii mtu kuwa mama, wala mtoto wa adopsio hana laana ndani yake.

Tuombe:

Baba wa yatima na Mtetezi wa wajane, uwape hekima akina mama wanaoombwa watoto wao. Uwafariji wanaongoja mtoto, kwao na kwetu. Uwakumbuke watoto waliokwenda mbali, uwape siku moja kujua ukweli na kutokuwa na uchungu. Na sisi uliotufanya wana, utufundishe kufungua mlango wetu. Kwa jina la Yesu. Amina.