Mteja aelezwe ni nani aliyefunga mlango

Aghalabu mwalimu anayegeuza kompyuta kuukuu kuwa seva nyumbani kwake, ili wanafunzi wasome humo maelezo ya masomo na maswali ya mitihani iliyopita, hukumbana na kikwazo kimoja. Kompyuta inafanya kazi barabara, lakini mwanafunzi aliye nje hapati chochote. Mlango umefungwa. Umefungwa na nani?

Mlango huu ni nambari tu. Kila anwani ya intaneti ina milango kuanzia 0 hadi 65535. Kurasa za wavuti hupitia 80 na 443. Mlango 25 wa barua pepe hufungwa makusudi na kampuni nyingi ili kuzuia barua za utapeli, na hapo sina neno.

Uchunguzi uanzie ndani. Ukurasa ufunguliwe kwenye seva yenyewe, kisha kwenye kompyuta nyingine nyumbani humo. Wa kwanza ukifunguka na wa pili ukakataa, yamkini programu imeagizwa kusikiliza anwani 127.0.0.1 pekee, yaani inajisemesha yenyewe. Au ulinzi wa seva ndio unaozuia. Zote mbili zikifaulu, kosa liko kwenye ruta au ng'ambo yake. Ruta yapasa kuelezwa ni kompyuta ipi ipokee wageni wa mlango huo, na anwani ya kompyuta hiyo isibadilike-badilike, la sivyo wageni wataelekezwa kwenye chumba kitupu. Jaribio la nje nalo lifanywe kwa simu inayotumia data ya laini yake, kwani ruta nyingi hazimpokei kama mgeni mtu aliye ndani. (Wapo wanaochoka wakazima ulinzi wote. Huko ni kuwakaribisha wezi kwa kumtafuta mgeni mmoja.)

Hata hivyo, kuna wanaofanya hayo yote wasifaulu. Hao na waitazame anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna wanaloweza kurekebisha nyumbani. Fungu hilo lilitengwa mwaka wa 2012, baada ya hazina kuu ya anwani za mtindo wa zamani, takriban bilioni 4.3, kugawanywa hadi fungu la mwisho Februari 2011.

Uhaba huo haukuletwa na kampuni zetu. Ninacholaumu ni ukimya. Mteja huuziwa kasi, asiambiwe kwamba ataweza kupokea kutoka kwa ulimwengu lakini ulimwengu hautaweza kubisha kwake. Kwa mwalimu tofauti hiyo ni kubwa, na ingefaa iandikwe kwenye mkataba kwa maneno ya kueleweka.

Kabla ya kulipa, basi, aulize: je, naweza kupata anwani yangu pekee, na kwa bei gani? Je, mnatoa anwani za IPv6? Akinyimwa zote mbili, itambidi akodi seva ndogo kwingineko, na ile ya nyumbani iwe ndiyo inayoanza kuipigia, kwa sababu njia ya kutoka haikufungwa.