Taa ya Ukutani Si Pambo Tu

Wengi wetu tukisikia habari za taa za kisasa za ukutani hudhani kwamba ni mapambo ya wenye fedha. Madukani huonekana hivyo hasa: vioo vya rangi, vyuma vya kung'aa, na bei ya kutisha. Lakini mabingwa waliobuni taa bora kati ya hizo walitanguliza swali jingine: nuru ianguke wapi?

Mmojawapo ni Jean Prouvé (1901-1984), fundi wa chuma wa Ufaransa. Alitengeneza nyumba za chuma na alumini kwa ajili ya nchi za joto. Moja ilipelekwa Niamey mwaka 1949, nyingine zikafika Brazzaville mwaka 1951. Kwa nyumba za namna hiyo alibuni taa iitwayo Potence, neno ambalo kwa Kifaransa lina maana pia ya mti wa kunyongea watu. Jina halipendezi, ila umbo ni hilo hilo: bomba jembamba la chuma, urefu wake mita mbili hivi, limeshikizwa ukutani na kuzuiliwa kwa waya, na kwenye ncha pana globu moja tupu. Ukikamata kishikio, bomba huzunguka kama ubao wa mlango. Jioni taa iko juu ya meza ya chakula, baadaye juu ya kiti cha msomaji, wala hapana haja ya kupitisha nyaya darini.

Charlotte Perriand, aliyewahi kushirikiana naye, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 taa ndogo yenye bamba la chuma linalogeuka mbele ya globu. Jicho halichomwi; nuru hugonga ukuta kwanza, kisha hurudi chumbani imepoa. Ndiyo maana ukuta mweupe ni nusu ya taa. Ukuta wa rangi nzito huinywa nuru, na mwenye nyumba huilaumu globu bure.

Je, familia yenye chumba kimoja katika kota yapata faida gani? Baba ataingia zamu saa kumi alfajiri, hana budi kulala mapema. Mtoto naye ana mtihani. Globu ya darini huwatesa wote wawili: mmoja humnyima usingizi, na mwingine humwangushia kivuli cha kichwa chake juu ya daftari. Taa ya ukutani yenye kifuniko, ikiwekwa kushoto kwa mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, huwapatanisha. Globu ya LED ya wati 9 hutoa nuru karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60, na kifuniko chaweza kukunjwa na fundi wa mabati.

Kabla ya kutoboa ukuta wa kota, omba ruhusa ya msimamizi wa majengo. Fundi wa umeme azime swichi kuu, na kifuniko cha chuma akiunganishe na waya wa ardhi. Mahali pa kukitundika papimwe mtoto akiwa ameketi mezani, ili ukingo wake uifiche globu machoni pake.