NDOO INAYOKAMATA HEWA CHAFU

Moshi wa jikoni unaujua. Ukizidi, unatoka nje. Kuni zikikolea, unarudi ndani. Je, moshi wa kiwanda utaukimbilia wapi? Kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana, na nyumba yako haina miguu.

Watu wanaokaa karibu na viwanda husema: "Hapa pananuka. Watoto wanakohoa." Wakubwa wa kiwanda huuliza: "Ushahidi uko wapi?" Hapo wengi hunyamaza. Harufu haifungwi kwenye pindo la kanga ukaipeleka ofisini. Lakini wako watu wa kawaida waliopata njia ya kuifunga.

Ndoo ilivyoanza

Mwaka 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta huko Rodeo, jimbo la California, Marekani, kilivuja dawa kwa siku 16. Watu wakaugua. Mwaka uliofuata mwanasheria wao, Edward Masry, naye aliugua kwa harufu ya huko. Akawapigia simu wakaguzi wa serikali. Wakamjibu kwamba vipimo vyao havionyeshi ubaya wowote. Basi, akamlipa mhandisi atengeneze kipimo rahisi ambacho raia yeyote angeweza kukitumia. Kipimo chenyewe kilikuwa ndoo ya plastiki ya lita 20 hivi.

Inavyofanya kazi

1. Ndani ya ndoo kuna mfuko safi wa plastiki ya aina maalumu. Mdomo wa mfuko unatokea nje kwa koki.
2. Ndoo inafunikwa kabisa, hewa isipenye.
3. Pampu ndogo inavuta hewa iliyo ndani ya ndoo, nje ya mfuko.
4. Koki inafunguliwa. Mfuko unatanuka na kuvuta hewa ya nje, kama mapafu yanavyotanuka kifuani.
5. Baada ya dakika chache koki inafungwa. Mfuko unapelekwa maabara upesi.

Mbona hewa haisukumwi tu kwa pampu mpaka ndani ya mfuko? Kwa sababu ingepita kwanza kwenye pampu na kuchukua uchafu wake. Hapo mwenye kiwanda angesema, "Huo ni uchafu wenu."

Maabara inatafuta gesi kama benzini. Mtu akiivuta benzini kwa muda mrefu, anaweza kupata saratani ya damu.

Watu wa Norco

Huko Norco, jimbo la Louisiana, palikuwa na mtaa wa Wamarekani weusi ulioitwa Diamond. Ulikuwa na barabara nne tu, katikati ya viwanda viwili vya Shell. Mwaka 1973 bomba la gesi lililipuka, likaua watu wawili mtaani. Mwalimu Margie Richard aliwaunganisha majirani. Wakachukua hewa yao kwa ndoo, wakawa na karatasi za maabara mkononi. Mwaka 2002 kampuni ilikubali kuwanunulia nyumba zao wote waliotaka kuhama.

Na hapa kwetu

Owino Uhuru ni mtaa wa Mombasa. Jirani yake palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi humo. Mtoto wake akaugua. Wakadhani ni malaria, kumbe siyo. Damu ilipopimwa, ilikutwa na risasi, sumu inayoharibu akili ya mtoto. Watu wengine wa mtaa wakapimwa, nao wakakutwa nayo.

Mama huyo na majirani zake wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Njia ilikuwa ndefu, na wengine walikufa kabla ya kufika mwisho.

Sisi tufanye nini?

Ndoo moja inaonyesha hewa ya dakika zile tu. Kwa hiyo watu wa ndoo huandika daftari pia. Na hii kazi, ndugu yangu, wewe uliyemaliza kisomo unaiweza. Andika tarehe, saa, harufu ilivyokuwa, upepo ulitoka wapi, nani aliugua. Usiongeze chumvi. Neno moja la uongo likigunduliwa, daftari zima litatupwa. Jirani naye aandike lake. Madaftari kumi yakisema jambo moja, hayatupwi kirahisi.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini kipimo cha wananchi kinatakiwa kiwe safi kuliko hata cha mkaguzi?
2. Je, katika kijiji chetu kuna moshi, vumbi au harufu ya kuandikwa kwenye daftari? Nani ataanza leo?